Herufi Mbili kwenye Mlango wa Mizigo

Watu wakisikia nilifanya kazi ya ndege miaka ishirini na sita, swali lao la kwanza huwa nimefika nchi gani. Nimefika hanga. Hanga ni lile banda kubwa la mabati ambamo ndege hutengenezewa, na letu lilikuwa kwenye uwanja wa ndege ndogo, mwendo wa mguu tu kutoka Kibera. Nilikuwa naingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, kisha narudi kwangu Kawangware na vumbi jeupe la plastiki kwenye nyusi. Jirani mmoja, akidhani ni unga, aliniuliza kwa miaka miwili kama posho mill yetu inasaga pia wimbi.

Kazi yangu ilikuwa kuchonga vibao. Nyinyi vijana mnaosoma ufundi hapa mtaani Satellite mmeniuliza kama kuna cha kujifunza kwa mtu aliyeshinda akiandika maneno ya watu wengine. Nafikiri kipo, ila si kile mnachokitarajia, na hakitawasaidia kwenye mtihani.

Kila ndege huzaliwa na kitabu chake. Sisemi kile cha picha za kuvutia, hicho ni cha wauzaji. Hiki ni cha mipaka: uzito ambao haitaruka nao, kasi ambayo haitapita, mizigo mingapi ikae nyuma, injini ifikie joto gani ndipo rubani aanze kuwa na wasiwasi. Kitabu hicho ni sheria kamili. Waliotunga sheria walijua binadamu hasomi vitabu, kwa hiyo wakaagiza baadhi ya mipaka ichongwe kwenye vibao na kubandikwa mahali ambapo macho yatakutana nayo. Kibao kikidondoka, ndege haina ruhusa ya kuruka hata kama injini zimetoka dukani jana. Nimeona ndege ya thamani ya mtaa mzima ikilala chini siku mbili ikingoja plastiki ndogo kuliko kipande cha sabuni, na mtu wa kuichonga alikuwa mimi, na mimi nilikuwa kwenye foleni ya maji.

Sikusomea kazi hii. Nilikuwa na kibanda karibu na Soko la Toi, nachonga majina ya milango, vikombe vya timu za mpira, na vibao vya makaburi kwa familia ambazo marumaru imezishinda. Mashine yangu ilikuwa ya zamani: upande mmoja unapanga herufi za shaba, unazifuatisha kwa kijiti, na upande wa pili sindano inayafuata maneno hayo hayo kwa umbo dogo kwenye plastiki. Plastiki yenyewe ina tabaka mbili, nyeupe juu na nyeusi chini, kwa hiyo ukichonga nyeupe, herufi nyeusi inatokea. Ukikosea, hakuna kufuta.

Siku moja akaja mzee mrefu, mpole, miwani yake imefungwa uzi kwenye bawaba. Alikuwa na kibao kilichovunjika, kimezungushiwa gazeti kama samaki. Huyo ndiye Mzee Odhiambo, injinia wa ukaguzi kule hanga. Alikaa Mashimoni, Kibera, ingawa mshahara wake ungemhamisha kama angetaka. Alisema akitoka kwake kwa mguu anafika kazini kabla wenye magari hawajatoka kwenye foleni.

Kibao chake kilikuwa na agizo fupi kwa Kiingereza: mlango huu usifunguliwe injini ikizunguka. Nikaona ni ukali usio na sababu. Nikachonga kingine, nikaongeza neno la tafadhali, na kwenye kona nikaweka ua dogo. Wateja wangu wa makaburi walipenda sana lile ua.

Mzee Odhiambo alikiinua kwenye mwanga, akakitazama muda mrefu.

"Mama, hili ua limetoka ukurasa gani?"

"Hilo nimekupea bure, mzee."

"Na hii tafadhali?"

"Hiyo pia."

Hakucheka. Akatoa mfukoni karatasi iliyotolewa kopi kutoka kwenye kile kitabu cha ndege, akaniwekea kidole kwenye mstari. "Hapa hakuna tafadhali. Mtu ukimwambia tafadhali anadhani anaweza kukataa. Na huyu akikataa, mkono wake unaenda."

Nikachonga kingine bila ua. Mwezi uliofuata akarudi kuniuliza kama ningependa kuajiriwa. Baadaye nilimuuliza kwa nini alinichagua mimi na si wale mafundi wa mjini wenye mashine mpya. Akasema wale walimchongea kibao chenye kosa la herufi na kumwambia hakuna atakayeona. Mimi angalau nilikosea kwa heshima.

Alinifundisha mambo ambayo leo kompyuta inadai inayajua. Usinakili kutoka kwenye kibao cha zamani, nakili kutoka kwenye kitabu, maana cha zamani pengine kilinakiliwa na mtu kama wewe. Kabla ya kitabu, angalia tarehe chini ya ukurasa, kwa sababu watengenezaji hubadilisha kurasa na kuna ofisi ambazo huweka kurasa mpya kwenye droo. Ukimaliza kuchonga, soma neno kutoka nyuma kwenda mbele, herufi moja moja, ili akili isikutangulie. Safisha chuma kwa spiriti kabla ya gundi. Na kwenye namba, soma kipimo kwanza, namba baadaye. Hilo la mwisho alilirudia hadi nikawa namwigiza mbele ya wengine, na yeye akijua.

Wenye ndege nao walikuwa na masomo yao. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyenunua ndege yake mwenyewe ya watu kumi. Shida yake ilikuwa Nairobi. Mji wetu uko juu, hewa ni nyepesi, na jua likipanda inakuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo bawa linashika kidogo na injini inavuta kidogo. Kwenye kitabu kuna majedwali ya hayo yote: urefu wa uwanja, joto la saa hiyo, uzito unaoruhusiwa. Ndege inayoondoka pwani na watu kumi na mizigo yao, kwetu saa saba mchana huenda ikaambiwa ibebe saba. Mfanyabiashara aliona ni dharau. Akaja mezani kwangu mwenyewe, amevaa saa kwenye kila mkono.

"Mama, hapa kwenye uzito wa mwisho, ongeza kilo mia nne. Si ni namba tu?"

"Mzee, kitabu kinasema hivi."

"Kitabu kiliandikwa Ulaya. Huko kuna baridi."

Nikamwambia naweza kuchonga kibao kwamba nina miaka ishirini na tano, nikakivaa shingoni hadi kanisani, lakini magoti yangu hayajui kusoma. Akaenda kutafuta fundi mwingine. Tulisikia alimpata. Tulisikia pia kwamba rubani wake aliacha kazi wiki hiyo hiyo na kurudi kufundisha shule, kwa hiyo kibao kile kilikaa kwenye ndege isiyoruka, kikiwa na namba nzuri sana.

Nilisimulia kisa hicho kwa miaka, na nilikisimulia kama mtu asiyekosea. Sasa niwaambie la kwangu.

Nilikuwa nimefikisha miaka kumi na miwili kazini. Ndege moja ya kampuni, ya abiria kumi na wawili, ilirudi kutoka kupakwa rangi, na kwa sababu ya rangi vibao vyote vilikuwa vimeng'olewa. Vilihitajika thelathini na kimoja, kwa siku mbili. Kimojawapo kilikuwa cha mlango wa mizigo wa nyuma, chini ya mkia. Kitabu cha ndege hiyo kilihesabu kwa paundi: mwisho wa mizigo pale nyuma ni paundi mia tatu. Asubuhi ile nilikuwa nimemaliza vibao tisa vya ndege nyingine iliyohesabu kwa kilo, na herufi za shaba za K na G zilikuwa bado zimepangwa kwenye mashine. Nikapanga tatu, sifuri, sifuri. Nikachonga. Kilo mia tatu.

Kwa wale ambao hawajawahi kulijali hilo, paundi mia tatu ni kilo mia moja thelathini na sita. Nilikuwa nimeizidishia ndege mzigo wake mara mbili na zaidi, na tena nyuma kabisa, mahali pabaya. Ukiulemea mkia, pua ya ndege inataka kupanda yenyewe. Rubani anaisukuma chini, inapanda. Kuna kiasi ambacho mkono wake na usukani bado vinaweza kushindana nayo, na kikishapita hicho, hakuna mashindano tena.

Mzee Odhiambo alikuja na fomu. Kibao hakibandikwi bila injinia kutia sahihi kwamba amekilinganisha na kitabu. Akatazama vile vibao vimepangwa mezani kama biskuti.

"Umesoma?"

"Nimesoma, mzee."

Na nilikuwa nimesoma. Nilisoma nilichotaka kuandika, sikusoma nilichoandika. Akatia sahihi thelathini na moja, moja baada ya nyingine, huku tukiongea juu ya harusi ya binti yake.

Ndege ikaruka wiki tatu.

Jumamosi moja nilikuwa Toi natafuta viatu vya kanisani. Kijana mmoja wa mitumba alikuwa ameweka chini vitu vya nyumbani, na kati yake mzani wa bafuni, ule wa kusimama juu. Akaniambia nijaribu, ni wa ng'ambo, haudanganyi. Nikapanda. Mshale ukaenda hadi mia moja hamsini na nne.

Nikashuka haraka.

"Mathe, usishtuke," yule kijana akasema. "Hiyo ni paundi. Kilo ni hizi nyekundu za ndani. Uko sabini tu, uko sawa."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kisha nikiwa bado nacheka nikauona ule mlango wa nyuma, nikaviona vidole vyangu vikiacha K na G mahali pake. Nikasimama pale hadi kijana akaniuliza kama nanunua au nimepatwa na jambo.

Niwaambie ukweli, wazo langu la kwanza halikuwa abiria. Lilikuwa kwamba Jumatatu naweza kufika mapema, nikachonga kingine, nikakibandua kile na kubandika hiki, na dunia ikaendelea. Gundi inachukua dakika kumi kushika. Nilifikiria hata rangi ya kalamu ya kuzibia mkwaruzo. Niliyafikiria hayo nikiwa tayari natembea kuelekea Mashimoni, na sijui hadi leo ni nani aliyeiambia miguu iende huko.

Mzee Odhiambo alikuwa ameketi mlangoni akisikiliza redio, mkewe Mama Akinyi akichambua dagaa wa omena ndani. Aliponiona akazima redio. Sikuwa mtu wa kumtembelea Jumamosi.

Nikamweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Ndege iko wapi?"

"Iko kaskazini tangu jana. Inarudi kesho mchana na wale watu wa semina."

"Na mizigo yao."

"Ndiyo, mzee."

Nikaendelea kusema haraka. Nikamwambia kuhusu Jumatatu, kuhusu gundi, kwamba hakuna atakayejua, kwamba jina lake ndilo liko kwenye fomu na amebakiza miezi minane astaafu. Mama Akinyi alikuwa ameacha omena. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, na ule uzi wa kwenye bawaba ukakatika. Akaishika mkononi hivyo.

"Mueni," akasema, "Jumatatu ni baada ya kesho mchana."

Akamwomba mkewe simu. Nilimsikia akimwambia meneja maneno hayo hayo niliyomwambia, bila kuyapamba. Hakusema Mueni amekosea. Alisema, "Nilitia sahihi kitu ambacho sikukisoma." Kisha akaondoa simu sikioni kidogo, maana meneja alikuwa na mengi ya kusema.

Jioni hiyo hanga ilifunguliwa, nikachonga kibao kimoja. Herufi nilizisoma kutoka nyuma mara nne. Asubuhi ya Jumapili nikapakiwa kwenye ndege ndogo pamoja na injinia mwingine, ambaye alitumwa kutia sahihi kwa sababu Mzee Odhiambo alikuwa ameambiwa asiguse kalamu. Hivyo ndivyo nilivyopanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Mnaniuliza ilikuwaje. Mbele ya macho yangu kulikuwa na kibao changu kinachosema nifunge mkanda, na nilikitazama njia nzima nikitafuta kosa. Kuna watu wanasema waliona Mlima Kenya.

Kule kaskazini uwanja ni kipande cha ardhi kilichofyekwa, na mfuko wa kuonyesha upepo, umetoboka. Rubani, kapteni wa makamo aliyeheshimika sana, alikuwa chini ya bawa akinywa maji, hana furaha. Abiria wake walikuwa wameketi juu ya masanduku kando ya ua wa miiba. Walikuwa wametoka kwenye semina ya siku tatu kuhusu usimamizi wa hatari, na walitaka kujua ni kampuni gani inayosimamisha ndege nzima kwa sababu ya stika.

Nikakibandua kile kibao. Kilishika sana. Niliwahi kujivunia gundi yangu.

Yule injinia mwingine akasema kwamba kwa kuwa tumefika, mizigo ipimwe, ili ripoti iseme kosa halikuleta madhara. Meneja ndiye aliyetaka sentensi hiyo. Lakini uwanja haukuwa na mzani. Wakaulizauliza, hatimaye mzee mmoja wa sokoni akaleta mzani wake wa kuning'iniza, wa kupimia mbuzi. Wakaufunga kwenye mti wa mgunga. Mpakiaji wetu, Wafula, aliyekuwa akisafiri na ndege hiyo kila mara, akaanza kutundika masanduku moja moja, na yule mzee wa mbuzi akawa anasoma namba kwa sauti na kuongeza maoni yake kuhusu hali ya kila sanduku.

Yale yaliyotakiwa kukaa nyuma yalifika kilo mia mbili na kumi na moja.

Kapteni akauliza, "Wafula, tulikuja na ngapi?"

"Kama hizi, kapteni."

"Na safari ile nyingine?"

"Kama hizi."

"Wewe huwa unajuaje imetosha?"

Wafula akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Mlango ukikataa kufunga, najua imetosha. Ukifunga, bado iko nafasi."

"Na kabla ya ndege kupakwa rangi, kile kibao cha zamani?"

"Kibao gani?" Wafula akauliza.

Sasa hapo ndipo mnielewe vizuri. Kwa miaka yote ile, kabla ya kosa langu, kibao sahihi kilikuwa kwenye mlango ule, kimechongwa na mikono hii, paundi mia tatu, bila kosa hata la nukta. Na ndege ilikuwa ikibeba kinachoingia. Wiki tatu za kosa langu ndizo peke yake ambazo mizigo ile ilikuwa imeruhusiwa na maandishi. Nilikuja na kibao sahihi, na kwa kukibandika nikawafanya wote wavunja sheria.

Kapteni aliketi kwenye gurudumu. Akasema, kwa sauti ambayo haikuwa kwa yeyote, kwamba kweli amekuwa akiona pua inaelea wakati wa kutua, na alidhani ni uzee. Sijui kama alimaanisha uzee wa ndege au wake.

Masanduku matano yalibaki kaskazini na kuja wiki iliyofuata. Ndege iliporuka niliiangalia kutoka chini, kwa sababu na mimi nilikuwa uzito. Nilirudi Nairobi na ile ndogo.

Matokeo yalikuja kwa karatasi, kama kawaida. Ripoti ilisema mfumo wa usalama wa kampuni ulifanya kazi ipasavyo na kugundua tatizo la upakiaji. Haikutaja Toi wala kijana wa mitumba. Hanga ilinunua mizani mitatu. Wafula alipelekwa kozi ya siku mbili na akarudi na cheti, na tangu siku hiyo alipima hadi mkoba wangu wa chakula. Mimi nilipewa barua ya onyo. Mzee Odhiambo aliondolewa ruhusa ya kutia sahihi hadi itakapoamuliwa vingine, na akapewa meza karibu na yangu, kazi yake ikiwa kupanga upya kurasa za vitabu vya ndege.

Miezi saba alikaa pale. Injinia asiye na sahihi ni kama mchungaji asiyeruhusiwa kubatiza. Watu wanamsalimia kwa upole mwingi mno. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilinitesa kuliko barua ya meneja. Siku moja, tukiwa wawili, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia afadhali anigombeze tumalize.

Aliendelea kutoboa karatasi. Kisha akasema, "Nina hasira, Mueni. Usidhani sina."

"Hasira na mimi?"

"Ndiyo, na wewe. Ungekuwa fundi mbaya ningesoma. Kila siku ningesoma. Miaka kumi na miwili ulikuwa mzuri, mpaka nikaacha kazi yangu na kukuachia yako na yangu." Akapuliza vipande vya karatasi kutoka kwenye kitoboleo. "Na ulipoulizwa umesoma ukasema ndiyo, na mimi nilitaka sana iwe ndiyo. Binti yangu alikuwa anaolewa."

Tukaendelea na kazi. Lakini kuanzia siku iliyofuata, bila kuagizwa na mtu, alikuwa akinyoosha mkono kila nilipomaliza kibao, anakishika yeye, na mimi nashika kitabu. Mimi nasoma kitabu kwa sauti, yeye anafuata kwa kidole kwenye plastiki. Halafu tunabadilishana. Wale mafundi wa injini walituita kwaya. Mtakapokuwa na mashine zenu za leza, ambazo huchonga kibao kwa sekunde kumi na hazichoki, jueni kwamba zitachonga KG kwa usafi wa ajabu kama ndicho mlichoandika. Tafuteni mtu wa kuimba naye.

Wiki ya mwisho kabla hajastaafu, mainjinia wawili walikuwa safarini na mmoja mgonjwa. Ndege ilikuwa inangoja, abiria wameshapewa chai. Meneja akakumbuka kwamba barua ya kumzuia Mzee Odhiambo ilisema hadi itakapoamuliwa vingine, akaamua vingine hapo hapo, wima, karibu na ngazi. Akamletea fomu mwenyewe.

Kibao kilikuwa kimoja. Kilikuwa na maneno mawili ya Kiingereza ya kukataza sigara, cha kubandikwa juu ya kiti cha nyuma.

Mzee akavaa miwani. Akaniambia nifungue kitabu. Nikafungua. Akauliza tarehe ya ukurasa, nikamsomea. Akaniambia nisome maneno, nikayasoma yote mawili, na yeye akayafuata kwa kidole, herufi kwa herufi, kisha akarudi kutoka nyuma. Meneja alikuwa akitazama saa yake.

"Kipimo?" mzee akauliza.

"Hakuna kipimo, mzee. Ni sigara tu."

"Hakikisha."

Nikapitia ukurasa wote, juu hadi chini, na uliofuata. Hakukuwa na kipimo cha sigara, si kwa kilo wala kwa paundi. Nikamwambia hivyo. Tukabadilishana, yeye akashika kitabu, mimi kibao, tukaimba tena tangu mwanzo.

Ndipo akachukua kalamu. Hakuweka ule mchoro wa haraka aliokuwa akiutumia zamani. Aliandika majina yake yote matatu, polepole, kama mtoto wa darasa la pili, halafu akainama akapuliza wino ukauke, ingawa ilikuwa kalamu ya kawaida ambayo wino wake hukauka wenyewe.